Kompyuta ya duka: Fedha iende kwenye prosesa au kadi ya grafiki?

MWENYE duka la steshenari anayekopa kwenye kikoba ili aongeze kompyuta huenda Kariakoo na swali moja tu: mashine ipi itamrudishia fedha yake? Muuzaji huwa na jibu tayari, na mara nyingi ni boksi lenye feni zinazowaka taa za rangi na kibandiko cha i7.

Kibandiko hicho kimewaponza wengi. Majina ya Core i7, i5 na i3 ya kampuni ya Intel yaliingia sokoni kati ya mwaka 2008 na 2010. Tangu hapo prosesa zimebadilika kizazi baada ya kizazi, lakini majina hayo yalibaki yale yale kwa miaka mingi.

Kinachotaja umri ni tarakimu zinazofuata jina. i7-2600 ni ya kizazi cha pili na ilitoka mwaka 2011. i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ya mwaka 2018. i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022, na ingawa jina lake ni dogo, inaishinda kwa mbali ile i7 ya mwaka 2011. Anayelipia "i7 ya bei poa" bila kusoma tarakimu anaweza kurudi nyumbani na mashine yenye umri wa zaidi ya miaka kumi.

Kizazi cha nane kina umuhimu wake kwa anayenunua mitumba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Kwa upande wa AMD, inataka Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea, tena si zote za mfululizo huo. Chama cha ushirika cha msingi kinachotunza kwenye kompyuta uzito wa mazao ya wanachama na malipo yao hakina sababu ya kuziweka hesabu hizo kwenye mashine isiyopata tena kinga mpya dhidi ya virusi na wezi wa mtandaoni.

Kadi ni ya nani?

Kila kinachoonekana kwenye skrini lazima kichorwe na kifaa fulani ndani ya kompyuta. Prosesa nyingi tayari zina sehemu ya kufanya kazi hiyo, na kwa kuchapa barua, kuskani, kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu au kutunza daftari la mauzo, sehemu hiyo inatosha na kubaki. Hata picha za pasipoti na kadi za michango ya harusi hazihitaji kadi ya pekee. Zinahitaji memori ya GB 16 na diski ya SSD, na memori hiyo ni bora iwe vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa grafiki ya ndani hukopa memori ya kompyuta na huenda kasi zaidi inapokuwa na njia mbili.

Kwa duka la namna hiyo, kuongezewa kadi za zamani kama GT 710 au GT 730 ni kulipia jina. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa za miaka ya karibuni haina cha kuzionea wivu.

Tahadhari ipo kwenye herufi za mwisho. Prosesa ya Intel yenye F, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani, na bei yake huwa nafuu kidogo. Asiyejua huifurahia bei hiyo, kisha akiwasha kompyuta skrini inabaki nyeusi. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 haina grafiki, lakini 5600G inayo.

Anayehariri video za harusi na mahafali yuko kwenye biashara nyingine. Mteja wake anataka kazi Jumatatu, na mashine inayokesha ikitoa filamu moja inamnyima oda ya pili. Huyu kadi inaweza kumlipa, hasa akitumia DaVinci Resolve, programu inayoitegemea sana kadi. Kwa video za kawaida za HD, kadi yenye memori ya GB 4 kama GTX 1650 inaweza kumwanzishia kazi. Akipokea oda za 4K, GB 8 ndiyo ya kuanzia. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza na prosesa ya Intel isiyo na F, kwa kuwa tangu kizazi cha pili Intel imeweka humo kisaidizi cha video, Quick Sync, na kadi ikafuata faida ikipatikana.

Kadi nayo haiji peke yake. RTX 3060 inakula hadi wati 170, na watengenezaji wanashauri pawa saplai ya wati 550. Zile kompyuta nyembamba za ofisini, kama OptiPlex ndogo, zina pawa saplai ya chini ya wati 300 na nafasi ya kadi fupi tu. Kwenye LUKU, kadi inayoongeza wati 100 kwa saa nane inakula yuniti 0.8 kwa siku, karibu yuniti 21 kwa siku 26 za kazi.

Kadi za mitumba zinahitaji jicho kali. Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi ulipokoma Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingizwa sokoni. Zipo pia za kughushi, kwa mfano GTX 550 Ti iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hugundua nyingi za aina hiyo.

Mnunuzi aende dukani na flashi yenye video ya kazi yake mwenyewe. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi, kwani ukichomekwe madabodi kadi inaweza kukaa bila kazi huku mnunuzi akidhani ameijaribu. Kisha video ihaririwe na kutolewa kwa dakika 20, feni zikisikilizwa, kabla ya fedha kuhesabiwa.