Breki za Upepo: Jinsi ya Kujua Basi Linavuja Wapi

Upepo unaovuja polepole kwenye basi kuukuu unaweza kulinyima breki mteremkoni. Madereva wa mabasi yaliyogeuzwa kuwa kliniki au maktaba tembezi wanahimizwa kuyapima kabla ya safari.

Basi liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, breki ya kuegesha ilegezwe, na injini izimwe upepo ukishajaa. Mshale wa geji ukishuka kabla breki haijakanyagwa, kagua matangi, paipu na viungo vilivyoongezwa wakati wa ukarabati, kama vya mlango. Breki ikikanyagwa, mshale hushuka kidogo kisha hutulia. Ukizidi kushuka, shuku mipira ya breki kwenye magurudumu. Pakeni maji ya sabuni: povu litaonyesha tundu.

Basi linalovuja lisiondoke hadi fundi alitengeneze.