Mbu mzee ndiye wa kuogopwa

Mjadala wa malaria nchini Uganda huendeshwa kwa hesabu za wingi: mbu wangapi, vyandarua vingapi, wagonjwa wangapi. Umri wa mbu hautajwi sana, ilhali ndio wenye uzito mkubwa zaidi. Mbu aina ya Anofelesi akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea huhitaji siku 10 hadi 14 hivi, kutegemea joto, kukomaa mwilini mwake na kufika kwenye tezi za mate, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chukua mbu 100 wenye vimelea, na tuseme kila siku hufa 10 katika kila 100 walio hai: baada ya siku 12 watabaki 28. Wakifa 20 katika kila 100, watabaki 7 tu. Badiliko dogo katika vifo vya kila siku limepunguza hatari mara nne. Mtafiti George Macdonald alilionyesha hilo kwa hesabu katika miaka ya 1950, na ndiyo maana dawa inayopuliziwa ukutani huokoa watu hata pale isipowamaliza mbu.

Hesabu hizo, hata hivyo, zilijengwa juu ya dhana kwamba mbu hazeeki, yaani hatari yake ya kufa ni ileile akiwa na siku 3 au 30. Aliyesaidia kuivunja dhana hiyo ni mtaalamu wa wadudu, James Carey wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wala hakuanzia kwa mbu. Alianzia kwa nzi wa matunda, mdudu mwenye asili ya Afrika anayeharibu hata buni za kahawa. Mwaka 1992, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia vifo vya nzi milioni 1.2 katika kituo cha kuzalishia nzi hao huko Metapa, Mexico. Tangu mwanahisabati Benjamin Gompertz aandike hivyo mwaka 1825, wataalamu waliamini kwamba kasi ya kufa hupanda mfululizo kadiri umri unavyosonga. Nzi wa Metapa walionyesha kwamba kwa wakongwe kabisa kupanda huko hulegea. Ukifuga nzi 100 hutaliona hilo, kwa sababu hakuna atakayebaki wa kuhesabiwa. Kwa mbinu hiyohiyo ya wingi, mwaka 2007 Carey akiwa na Linda Styer, mwanatakwimu Jane-Ling Wang na Thomas Scott, walifuatilia mbu zaidi ya 100,000 wa aina ya Aedes aegypti: vifo vilikuwa vichache ujanani, vikaongezeka kwa umri. Mbu huzeeka.

Kuna wanaopinga, na hoja yao si nyepesi. Ndani ya kizimba hakuna buibui, popo wala mvua. Porini, wanasema, mdudu huliwa kabla hajazeeka. Jibu moja liko hapa kwetu, katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Kampala. Huko, kwenye kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Makerere, vipepeo walinaswa kwa mitego yenye ndizi zilizochacha, wakatiwa alama kwenye bawa, wakaachiliwa na kunaswa tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 na Freerk Molleman na wenzake, Carey akiwemo, yanataja kipepeo wa jamii ya Euphaedra medon aliyeishi porini siku 293. Jibu la pili, la mbu wenyewe, linatoka Muheza, Tanzania. Watafiti Gillies na Wilkes waliwapasua mbu na kusoma alama ambazo kila awamu ya kutaga huacha kwenye ovari, na takwimu zao za mwaka 1965 zinaonyesha mbu wakongwe wakifa kwa kasi kuliko vijana.

Hoja ya gharama inanigusa zaidi: kwa nini tupasue mbu wakati zahanati hazina dawa? Kumbuka kilichotokea kaskazini mwa Uganda. Unyunyiziaji wa dawa majumbani ulipositishwa katika wilaya kadhaa mwaka 2014, malaria ilirudi kwa nguvu, na tuliyajua hayo wodi zikiwa zimejaa. Mbu lazima aishi muda mrefu kabla mtoto hajaugua, kwa hiyo umri wake unaweza kutoa onyo mapema, na gharama ya onyo hilo ni darubini, mikono yenye ujuzi na mtu anayejua takwimu. Makerere inao watu hao, na Entebbe kuna taasisi ya utafiti wa virusi ambayo imechunguza mbu tangu mwaka 1936. Wizara ya Afya inapotangaza idadi ya nyumba zilizopuliziwa dawa, basi itangaze pia umri wa mbu waliobaki ndani ya nyumba hizo.