Kuku tunamjua, mchicha je?
(Sehemu ya pili)

Juma lililopita tulieleza maana ya kilimo hai: kulima bila viuatilifu wala mbolea za viwandani, udongo ukirutubishwa kwa samadi, mboji na mzunguko wa mazao. Leo tuingie sokoni na swali moja: je, mlaji wa Mwanza yuko tayari kuongeza hela ili apate chakula cha namna hiyo?

Jibu tulilolizoea ni kwamba watu hawana uwezo. Anayejibu hivyo hajasimama kwenye tenga la kuku. Mama anauliza bei ya jogoo wa kienyeji, anaguna, anapunguziwa kidogo, kisha kazi inaanza. Anampima uzito mkononi, anaminya kidari, anapuliza manyoya aone ngozi, anakagua miguu na kucha. "Huyu si chotara?" "Chotara gani, mama? Shika mwenyewe." Mwishowe analipa, ingawa kwa hela ile angepata broila na chenji ikabaki. Broila huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Jogoo huyu amechakura uani miezi kadhaa, na mama anajua kwamba hiyo miezi ndiyo anayoilipia.

Mama huyo huyo akifika kwenye mafungu ya mchicha, hesabu inageuka. Mchicha uliopuliziwa dawa juzi na ule usioijua dawa hufanana. Tena usio na dawa huenda una matundu ya wadudu, naye akaurudisha mezani. Muuzaji akimwambia, "Huu hauna dawa, niongezee mia mbili," kwa nini amwamini?

Mwaka 1973 wachumi Michael Darby na Edi Karni walizitenga bidhaa za aina hii: zile ambazo mnunuzi hawezi kuuthibitisha ubora wake hata baada ya kuzitumia. Muuzaji wa kuku akidanganya, sufuria itamuumbua jioni. Wa mchicha hana sufuria ya kumuumbua. Wahenga waliposema kizuri chajiuza, walikuwa na vitu vinavyoonekana.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tulishaonja gharama ya kutoaminiwa. Aprili 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu kwamba kuna wavuvi wanaovua kwa sumu. Sangara aliyevuliwa kwa nyavu halali alizuiwa pamoja na wa sumu, maana mezani hawatofautiani. Mlango haukufunguliwa kwa viapo. Ulifunguliwa kwa ukaguzi na vipimo vya maabara.

Kwa mazao ya shamba, ushahidi wa namna hiyo upo. Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipata kiwango chake cha mazao ya kilimo hai pamoja na alama ya Kilimohai. Kwa mkulima mdogo asiyemudu mkaguzi wa kulipwa, upo ukaguzi shirikishi: wanakikundi hutembeleana mashambani, hukaguana, na aliyekiuka masharti huondolewa. Na kule Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wa pamba hai wamekuwa wakilipwa nyongeza juu ya bei ya soko, kwa kuwa pamba yao hufuatiliwa tangu shambani.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na utafiti unaomuuliza mtu tu, "Ungelipa zaidi?" Mdomo ni mwepesi kulipa kuliko mkono. Tuwatazame badala yake wale wanaoliacha soko na kwenda kuchuma mboga bustanini kwa jirani wanayemfahamu, ambaye kopo lake la kumwagilia wanaliona na bomba la dawa hawajawahi kuliona mgongoni mwake. Hao wanalipia kukijua chakula chao, kama mama na jogoo wake.

Lakini mji mzima hauwezi kwenda kuchuma kwa jirani. Juma lijalo tutatazama gharama ya ukaguzi: nani aibebe, mkulima, mlaji au halmashauri?