Insulini Chini ya Jua la Lokori

Lokori ni mji mdogo kandokando ya Mto Kerio, katika Turkana Mashariki, na jua la adhuhuri huko, mithili ya lile la Lodwar ambako joto la mchana aghalabu hupita nyuzi 35, halimpi mtu nafasi ya kusahau kwamba yumo katika nchi ya ukame. Mgonjwa wa kisukari aliyeamriwa na tabibu wake ajidunge insulini kila siku hukabiliwa hapo na mambo mawili: kuuzoeza mkono wake kazi ambayo tangu utotoni aliijua kuwa ya muuguzi, na kuihifadhi dawa ambayo maandishi ya kiwandani yaagiza iwekwe penye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hali nyumbani hamna umeme wala jokofu. Hilo la kwanza ndilo huogofya; lakini la pili, kwa muda mrefu, ndilo lililowafunga watu kwenye mlango wa hospitali.

Dawa hii hainyweki kwa sababu ni protini, iliyofumwa kwa amino asidi 51 katika minyororo miwili, na tumbo, lisilojua kubagua, lingeimeng'enya kama limeng'enyavyo nyama. Kwa hiyo tangu Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, akiwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwayo, mamilioni ya watu wameishi kwa ncha ya sindano.

Na sindano yenyewe, baada ya siku chache za kwanza, si adui. Ngozi ya mtu mzima, awe mnene au mwembamba, ina unene wa milimita mbili hivi, na chini yake yapo mafuta yenye mishipa michache ya fahamu; humo ndimo dawa itakiwamo, wala si ndani ya musuli, ambako hufyonzwa kwa kasi na kuishusha sukari ghafula. Ndiyo maana mtu mwembamba, na wafugaji wengi wa Turkana ni wembamba, hufundishwa kuikunja ngozi ya tumbo au ya paja kwa vidole viwili kabla ya kuchoma, kisha kusukuma dawa polepole, na kuiacha sindano mahali pake kwa hesabu ya kumi ndipo aichomoe. Kabla ya hayo hunawa mikono kwa sabuni na kukitazama kichupa: insulini ya maji maangavu isiwe na ukungu, na ile yenye weupe wa maziwa ibingirishwe taratibu baina ya viganja, isitikiswe kwa nguvu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi vya kutosha ni kuhamahama kwa mahali pa kuchoma. Insulini hukuza mafuta, na mtu achomaye papo hapo kila siku huota uvimbe laini ambao, kwa kuwa hauumi sana, humshawishi aendelee kuuchoma. Kumbe dawa iingiayo humo hufyonzwa leo nyingi na kesho kidogo, na sukari yake ikawa haitabiriki hata tabibu akaidhania dawa imeharibika.

Hatari iliyo kubwa kwa Lokori, hata hivyo, ni njaa. Kipimo kiliamriwa kwa mtu atakayekula, na katika miezi ya kiangazi chakula hakina ahadi. Sukari ikishuka mno, mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa, na pengine hana tena akili ya kujisaidia. Kwa hiyo kumfundisha yeye peke yake ni kazi nusu, na yafaa mke, mume au mtoto mkubwa aketi naye mbele ya muuguzi, ajue kwamba mtu huyo, maadamu aweza kumeza, apewe mara moja sukari au chai tamu.

Sasa nirejee kwenye joto. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, lilipimwa joto la hewa ndani ya makazi yao, likaonekana kupanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37. Wajuzi wa Chuo Kikuu cha Geneva, akiwamo Profesa Leonardo Scapozza, pamoja na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, waliiga joto hilo katika maabara kwa majuma manne, wakachunguza insulini za namna mbalimbali. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia moja, sawa na ya dawa iliyokaa jokofuni. Naiona habari hii kuwa kubwa kuliko vyombo vingi vipya vya tiba, kwani yamwondolea maskini wajibu wa kwenda kliniki kila kuchwapo kwa ajili ya jokofu tu, na iliyofaa Dagahaley yafaa kufikiriwa kwa dhati Kakuma na Lokori pia.

Lakini joto hilo lililoigwa halikupita nyuzi 37, na kichupa kilichoachwa juani hakina kinga yoyote. Hapa ukame wenyewe huwa msaada: gramu moja ya maji igeukapo mvuke hunyakua takriban kalori 580 za joto, na hewa kavu huyanyonya maji upesi, basi mtungi wa udongo ulioloweshwa na kuwekwa kivulini penye upepo hupoa kuliko hewa iliyouzunguka. Kichupa kifungwe kisiingiwe na maji, wala kisigusane na barafu hata ikipatikana, maana insulini ikiganda imekwisha kazi. Na kwa mfugaji asiyesoma tarehe iliyoandikwa kwenye kichupa, muuguzi aweza kumpa kipimo akijuacho: majuma manne ni siku 28, pungufu kidogo ya mwezi mwandamo, kichupa kilichofunguliwa siku hilali ilipoonekana kiachwe kabla hilali nyingine haijachomoza, hata kama dawa imesalia ndani yake.