Kikokotoo, mkupuo na pensheni

Nomino *kikokotoo* (ngeli ya ki-/vi-) imeundwa kutokana na kitenzi *kokotoa*, yaani kufanya hesabu hadi kupata jawabu. Maana yake ya msingi ni kifaa cha kufanyia hesabu. Nchini Tanzania, hasa tangu 2018, imeenea maana nyingine: kanuni ya kukadiria mafao ya mstaafu. Mwaka huo mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikashusha mkupuo wa watumishi wengi wa umma kutoka asilimia 50 hadi 25. Kufuatia malalamiko, Rais John Magufuli alizisitisha Desemba 2018. Julai 2022 kiwango kikawa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa kundi hilo.

*Mkupuo* ni malipo ya mara moja. *Pensheni* ni malipo ya kila mwezi hadi kifo. Asilimia inayotajwa si ya mafao yote. Ni sehemu ya pensheni ya mwaka inayogeuzwa kuwa mkupuo, nayo iliyobaki hulipwa kwa miezi.

Tuchukue mfano wa kubuni: mwalimu wa Kinole, katika miteremko ya Milima ya Uluguru, ana miezi 348 ya utumishi na wastani wa mshahara wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka. Miezi hiyo ikigawanywa kwa 580 na kuzidishwa kwa mshahara, pensheni kamili ni shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Sehemu inayogeuzwa huzidishwa kwa 12.5. Kwa asilimia 33, mkupuo ni 29,700,000 na pensheni ya mwezi 402,000. Kwa asilimia 40, mkupuo ni 36,000,000 na pensheni 360,000. Nyongeza ya 6,300,000 hufidiwa na pungufu ya 42,000 kwa mwezi katika miaka 12 na nusu. Anayeishi zaidi ya hapo hupata hasara.

Kwa hiyo sentensi «kikokotoo kimepanda» haitoshelezi. Asilimia ikipanda, mkupuo hukua na pensheni hupungua. Kigawanyo kikipanda kutoka 540 hadi 580, vyote viwili hupungua. Mfasiri ataje kilichopanda. Aidha, kulinda pensheni dhidi ya mfumuko wa bei ni suala jingine: kuongeza mkupuo hakulitatui.