Kiwewe kwa Wazee: Dalili Zake na Jinsi Familia Inavyoweza Kusaidia

Katika baadhi ya vijiji vya Kaunti ya Kilifi, wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Kwa miaka mingi wazee wa eneo hili wamesingiziwa uchawi, wakafukuzwa makwao na wengine kuuawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma huwa kuna mzozo wa shamba la urithi. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, katika kaunti ndogo ya Ganze.

Mzee akishapata mahali salama pa kulala, hofu humfuata hadi huko. Wataalamu wa afya ya akili huita hali hii kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kupitia au kushuhudia tukio la kutisha. Wanaoishi nalo si waliosingiziwa uchawi pekee. Wapo wazazi na mababu waliopoteza jamaa katika msitu wa Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Wapo pia wanajeshi wastaafu, wakiwemo waliopigana Somalia tangu majeshi ya Kenya yalipoingia huko mwaka wa 2011.

Ni wazee wachache watakaosema waziwazi kwamba wanaogopa. Wengi hulalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi, wakapewa dawa za maumivu na kurudi nyumbani. Familia nayo huona mambo mengine: mzee anashtuka mlango ukibishwa, anakataa chakula ambacho hakukiona kikipikwa, anakwepa njia fulani, au anakaa kimya kutwa nzima. Mara nyingi watu husema ni uzee.

Kuna hatari nyingine inayohitaji kuelezwa wazi. Baadhi ya dalili za kiwewe hufanana na za dimensia, ugonjwa unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mzee mwenye dimensia anaweza kutoka usiku, akapotea njia, akakutwa uani kwa jirani akizungumza peke yake. Kwa macho ya wenye shuku, huo ni ushahidi tosha wa uchawi, ilhali aliyesimama pale ni mgonjwa asiyejua alipo. Ndiyo maana mabadiliko ya namna hii yanafaa kuchunguzwa kituoni mapema, kabla maneno ya kijijini hayajageuka tuhuma. Mtu mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili.

Elimu ya kiwewe ilipata msukumo mkubwa kutoka kwa wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Kilio chao kilichangia hali hiyo kutambuliwa rasmi mwaka wa 1980 katika mwongozo wa madaktari wa akili nchini humo. Baadaye ilidhihirika kwamba hata matibabu yenyewe yanaweza kutonesha kidonda, iwapo mgonjwa atafokewa, atavuliwa nguo bila maelezo au atalazimishwa kusimulia yaliyompata mbele ya watu.

Huduma inayozingatia kiwewe hubadilisha mapokezi hayo. Badala ya kumuuliza mzee ana tatizo gani, mhudumu hutaka kujua amepitia nini, na mzee ana haki ya kutojibu. Humweleza kila hatua kabla ya kumgusa na humwachia aketi anapoweza kuuona mlango. Asiyejua Kiswahili vizuri huzungumziwa Kigiriama au lugha yake na mtu anayeridhia yeye; mjukuu si mkalimani mzuri wa mambo ambayo babu asingependa ayasikie.

Suala la anayemsindikiza mzee ni zito zaidi. Kwa kuwa tuhuma nyingi huanzia ndani ya ukoo, aliyemleta kituoni huenda ndiye anayeogopwa. Kwa sababu hiyo mzee huonwa kwanza peke yake, kisha huulizwa nani angependa awepo.

Matibabu yenyewe si lazima yawe ya miaka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mpango wa vikao vitano ambao unaweza kuendeshwa na wahudumu wasio madaktari wa akili, mradi wamefunzwa na wanasimamiwa. Mtu hujifunza kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kushughulikia tatizo moja baada ya jingine, kurejea shughuli alizoacha na kutafuta watu wa kumwegemeza. Mpango huo ulijaribiwa Nairobi miongoni mwa wanawake waliopitia dhuluma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha ulipunguza msongo wao.

Walezi wasisahauliwe. Binti au mkaza mwana anayeamka usiku mara nne kumtuliza mzee naye huchoka, hukasirika, kisha hujilaumu kwa kukasirika. Akisindikiza mgonjwa, anaweza kuomba aonwe pia. Nyumbani, kinachosaidia ni ratiba isiyobadilika, taa ndogo usiku, kujitambulisha kabla ya kuingia chumbani, na kutomlazimisha mzee asimulie.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa, isipokuwa malalamiko yapelekwe kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Mzee akitishiwa, ripoti ipelekwe polisi siku hiyohiyo.

Kwa matibabu, familia ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au imweleze mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea boma lao. Mgonjwa akihitaji mtaalamu hupewa rufaa. Huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na 3 hazilipiwi na mgonjwa aliyesajiliwa na SHA, hivyo mzee aende na kitambulisho chake. Asiyeweza kufika kituoni anaweza kuzungumza na mshauri wa Shirika la Msalaba Mwekundu kwa kupiga 1199, bila malipo.