Kufuli Tatu za Fedha Yako

Wengi wenu mwalijua sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Mmoja akishikwa na tamaa usiku, hawezi kulifungua peke yake.

Sasa tutazame fedha ya simu. Baba auza viazi Umalila, Mbeya. Mama auza mahindi Ismani, Iringa. Malipo yaja kwa simu. Fedha hiyo haimo ndani ya simu. Hesabu yake imeandikwa katika kompyuta za kampuni, mbali na kijiji. Simu ni mlango tu. Kwa hiyo simu ikitumbukia mtoni, fedha haizami. Lakini mwizi naye hana haja ya kuvunja nyumba yako: yamtosha kujifanya wewe mlangoni.

Mlango huo nao una kufuli tatu: laini yako, namba ya siri, na alama ya kidole. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa kidole na kitambulisho cha Taifa, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa.

Kufuli ni imara, ila twazifungua wenyewe. Bibi humpa wakala simu pamoja na namba ya siri. Kijana huchagua mwaka aliozaliwa, ambao kijiji kizima chaujua. Msajili mwenye hila husema, "Kidole kimegoma, weka tena," kumbe asajili laini ya pili kwa jina lako, ampe tapeli. Kesho laini hiyo yapeleka ujumbe kwa watu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwenye kutafutwa ni wewe.

Basi fanyeni hivi. Namba ya siri bonyeza mwenyewe, wala usimtajie mtu, hata akisema ni wa kampuni. Bibi asiyeona vema afundishwe kupapasa: katika simu nyingi za vitufe, kitufe cha 5 kina kinundu kidogo katikati. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni yake ifutwe. Namba ya tapeli ipeleke kwa ujumbe kwenda 15040.

Wazazi, jioni hii baada ya sala, wafundisheni watoto haya. Amri ya saba yakataza kuiba. Nasi tusimwachie mwizi mlango wazi.